Vidole vya Otis

Jumatatu, 10 Novemba

Nimedhalilishwa. Mbele ya watu saba na sahani ya donati.

Kikao cha makocha wa timu yetu ya chuo, ya mpira wa Kimarekani, saa mbili asubuhi. Kocha Mkuu Lindquist akasoma takwimu za Jumamosi. Kurusha mpira: yadi mia mbili na kumi. Kukimbia nao: hasi nne. Hasi! Dakika sitini za jasho, tukaishia nyuma ya pale tulipoanzia. Brecken Schaal, kocha wa warushaji, akakohoa ndani ya kikombe chake. Kile hakikuwa kikohozi.

Nikasimama nikaeleza kwa upole. Mbebaji wetu wa mpira, Pruitt, alikimbia yadi arobaini na moja halali, na wasukumaji wangu watano wa mstari wa mbele ndio waliomfungulia njia. Lakini mrushaji wa Brecken, yule kijana wa nywele ndefu, aliangushwa mara sita akiwa bado anatafuta wa kumrushia. Na kwa kanuni za mpira wa vyuo, hasara hiyo yote, yadi arobaini na tano, inakatwa kwenye kukimbia. Yaani kwangu! Wao wavunje vyungu, mimi niokote vigae.

Kocha Mkuu akauliza: na kazi ya kumlinda mrushaji asiangushwe ni ya nani? Sikupenda alivyouliza.

Hukumu ikatoka. Jumamosi ni mchezo wa mwisho, tunacheza na chuo cha Stromholt hapa nyumbani. Tukikimbia yadi mia moja, nabaki nilivyo. Tukikosa hata moja, mwakani wasukumaji wanawekwa chini ya Brecken, na mimi pamoja nao. Miaka ishirini na tatu nafundisha vijana kusukuma watu! Brecken ana miaka ishirini na saba, viatu vyeupe na kishikwambi. Alimwambia Kocha Mkuu hakuna haja ya kufika huko, Mzee Vern ni mwalimu wetu sote. Mnafiki mkubwa.

Nilichukua donati mbili, nikatoka bila kuaga.

Jumanne, 11 Novemba

Nimepata mpango. Matope!

Kwenye matope mpira unateleza mkononi, hakuna wa kurusha. Nani anabaki? Wasukumaji! Uwanja ukiwa tope la magotini, Kocha Mkuu atalazimika kukimbiza mpira kila mara, na yadi mia moja zitakuja zenyewe. Nashangaa sikuliwaza hili miaka yote.

Saa kumi na moja jioni nilimwambia mtunza uwanja, Lyle, kwamba mkewe anamtafuta. Akaenda. Nikafungulia maji ya kumwagilia uwanja mzima, nikatia ufunguo mfukoni, nikaenda zangu nyumbani kula. Nilikula vizuri. Darlene akauliza kwa nini natabasamu na nyama hii imeungua. Nikamwambia mke wangu, subiri uone.

Redio ilisema kitu kuhusu baridi. Sikuisikiliza, nilikuwa na furaha.

Jumatano, 12 Novemba

Barafu.

Uwanja wote, kutoka lango hadi lango. Unang'aa! Miaka ishirini na tatu katika jimbo la Nebraska na nikasahau kwamba Novemba maji hayawi matope.

Hatukujua mpaka mazoezi yalipoanza. Otis Hruska alikuwa wa kwanza kuingia. Otis ndiye msukumaji wangu bora: mwaka wa tatu, kilo mia na arobaini, mtoto wa wafuga nguruwe, mtiifu kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumfundisha. Ukimwambia Otis simama hapo, ukasahau, kesho utamkuta. Aliingia mbio, kama ninavyowafundisha. Hakusimama. Alipita mstari wa katikati amekaa kitako, akamzoa Pruitt, akazoa vijana wawili wa maji, akaenda kugonga kigari cha Kocha Mkuu. Kocha Mkuu alikuwa ndani yake. Otis aliomba radhi tangu yadi ya ishirini mpaka mwisho wa safari.

Nikasema lazima bomba limepasuka. Kocha Mkuu akanitazama. Akasema sawa Vern, nipe leso yako nifute miwani. Nikachomoa leso. Ufunguo wa maji ukatoka nayo, ukaanguka juu ya barafu, ukateleza polepole mpaka kwenye kiatu chake.

Nimekwangua barafu kwa koleo kuanzia saa nne hadi saa kumi. Brecken alikuja na koleo la pili, akakwangua upande wa pili bila kuombwa. Akaniletea na kahawa. Nia yake ni kuniaibisha, namwelewa sana. Kahawa nilikunywa kwa sababu ya mgongo.

Jioni Darlene, akinipaka dawa ya kuchua, akasema jambo. Akasema Vern, kwani kwa nini mnahangaika na maji, na kila mtu jukwaani anajua mtakachocheza? Nikamuuliza anajuaje. Akacheka. Akasema si vidole vya Otis!

Kumbe! Kabla ya kila jaribio la kusonga mbele, msukumaji huinama akagusa ardhi kwa mkono mmoja. Otis akijua tunakimbia na mpira, anajiandaa kusonga mbele, uzito wote unaingia mkononi, na vidole vinakuwa vyeupe kama unga. Akijua tunarusha, anajiandaa kurudi nyuma, anakaa kwenye visigino na vidole vinagusa nyasi tu. Darlene anasema akina mama wa kanisani wanajua tangu mwaka jana. Hubashiri kila jaribio huku wakifuma sweta. Wanapatia!

Na kama akina mama wanajua, Stromholt hawajui? Ndiyo maana tunagonga ukuta kila tukikimbia! Nilimuuliza Darlene kwa nini hakuniambia mwaka mzima. Akasema aliniambia mara tatu, nikamjibu wanawake hawaelewi mbinu. Sikumbuki hilo kabisa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mpango wa pili. Huu hauna barafu.

Nilimwita Otis pembeni baada ya mazoezi. Nikamwambia kuanzia leo ageuze. Tukikimbia, akae kwenye visigino. Tukirusha, aegemee mkono mpaka vidole viwe vyeupe. Stromholt watasoma kinyume! Otis akafikiri kwa muda mrefu. Akauliza, Kocha, huo si uongo? Mama yake hapendi uongo. Nikamwambia uongo ni wa mdomo, vidole havina mdomo. Akaridhika.

Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote. Hasa Brecken! Brecken akijua atasema ni wazo lake. Otis akaapa kwa nguruwe wa baba yake, kiapo kizito sana kwao.

Jioni wasukumaji walikuja kula nyumbani, kama kila Alhamisi. Darlene anapika sufuria mbili za chili, supu nzito ya maharage na nyama, na mikate ya mdalasini ya kuchovya humo. Kwa desturi mbebaji mpira ndiye anayepakua, kwa kuwa bila hao watano asingekuwa na miguu. Pruitt alipakua. Otis alikula bakuli saba, akauliza kama kuna mtu anaumwa, maana chakula kimebaki.

Brecken akatokea bila mwaliko, na pai ya tufaha aliyooka mwenyewe. Ala! Darlene akamkaribisha. Baada ya kula nikamwona jikoni ameshika kitambaa, anakausha vyombo na Otis, wananong'ona. Nilipoingia wakanyamaza. Otis akawa mwekundu. Nikamkonyeza kumkumbusha kiapo chake. Akaitikia kwa kichwa kwa uaminifu, maskini.

Pai ilikuwa nzuri, na hilo limeniudhi zaidi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mazoezi mepesi. Nilimtazama Otis akiinama, ila kulikuwa na baridi kali, vidole vyote vilikuwa vyekundu, sikuona tofauti. Sina wasiwasi.

Nimeandika hotuba ya kusema nikishinda. Kurasa nne. Nimemsamehe Brecken ukurasa wa tatu.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nusu ya kwanza: yadi kumi na moja. Kumi na moja! Kila Pruitt akipewa mpira, Stromholt wamekwisha jaa njiani wanamsubiri. Tukirusha, wanatawanyika mapema. Jukwaani nikawaona akina mama wa kanisani wakinyoosha vidole: huyo anakimbia, huyo anarusha. Bado wanapatia!

Mapumziko nikamvuta Otis nyuma ya choo cha wageni. Nikamuuliza, mwanangu, sikukwambia ugeuze? Akasema Kocha, nimegeuza. Nikasema mbona unaegemea kama zamani? Machozi yakamlengalenga. Akasema: "Kocha, wewe uliniambia nigeuze, nikageuza. Halafu Kocha Brecken naye akaniambia nigeuze. Nikageuza na hiyo."

Lo!

Brecken akafika mbio, naye amekwisha ona. Kumbe aligundua vidole kwenye video za kishikwambi chake Jumatano. Akamwambia Otis jikoni ageuze na asiniambie, eti alitaka kunipa zawadi, nishangae nikipata yadi zangu mia. Zawadi! Nani alimwomba? Na Otis asingeweza kumwambia kwamba amekwisha geuzwa, maana aliapa kwa nguruwe.

Nikasema Otis, geuza! Wakati ule ule Brecken akasema Otis, geuza! Otis akatutazama wote wawili. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akapotea njiani, akaketi chini akalia kwa sauti. Mtoto wa kilo mia na arobaini akilia si jambo dogo. Watu wa foleni ya soseji waligeuka wote.

Darlene akaja kwenye uzio na mkate wa mdalasini. Akauliza mmemfanya nini mtoto wa watu. Tukaeleza, mimi na Brecken kwa pamoja. Hakusikiliza hadi mwisho. Akampa Otis mkate, akamwambia: "Mwanangu, usigeuze chochote. Wewe egemea kila mara. Wakiona vidole vyeupe mchezo mzima, watabashiri nini?"

Brecken akasema dah. Mimi nikasema ndicho nilichokuwa nataka kusema.

Nusu ya pili nimeiona kwa macho haya, hata nikifa leo. Otis akaegemea kila mara, hata tukirusha. Stromholt wakachanganyikiwa, wakawa wanaganda sekunde nzima, na sekunde nzima kwa wasukumaji wangu ni mali. Wakawafagia! Pruitt akapita yadi sita, yadi tisa, yadi kumi na nne. Sweta ziliacha kufumwa jukwaani, akina mama hawajui la kubashiri. Bi. Norma Huff, karani wa takwimu, mwalimu mstaafu wa hesabu asiye na huruma, alikuwa anaandika jumla ubaoni kila baada ya jaribio. Themanini na tatu. Tisini na sita. Mia moja na moja!

Mia moja na moja, na tunaongoza ishirini na nne kwa ishirini. Zimebaki sekunde ishirini, mpira ni wetu. Nilichomoa hotuba.

Hapo Kocha Mkuu akaashiria: pigeni goti.

Maana yake mrushaji apokee mpira, apige goti, saa imalizike, tushinde salama. Hata mtoto anajua. Lakini goti hupigwa yadi mbili nyuma ya mstari wa kuanzia! Na huandikwa kwenye kukimbia! Mia moja na moja toa mbili. Nilihesabu kwa vidole vyangu. Otis alikuwa kando yangu akifungwa kamba ya kiatu, nikahesabu tena kwa vyake. Tisini na tisa.

Ningeweza kumwendea Kocha Mkuu nikamweleza. Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Lakini mtu mwenye mbinu haombi.

Nikamshika Otis kofia nikamwambia: nenda uwaambie Kocha kasema wasipige goti, wampe Pruitt, apite katikati. Otis akauliza Kocha yupi. Nikasema Kocha. Akaenda. Hakudanganya hata neno.

Wakampa Pruitt. Stromholt wote kumi na mmoja, ambao hawana cha kupoteza tena, wakamvaa yadi mbili nyuma ya mstari. Mpira ukamtoka.

Nikafumba macho. Nikasikia Kocha Mkuu akitaja jina langu lote, hata lile la ubatizo. Nikafumbua jicho moja.

Mpira ulidunda mara mbili, ukaingia mikononi mwa Otis. Miaka mitatu ya kucheza, hajawahi kuugusa. Aliutazama. Mashahidi wanasema aliuliza ni wa nani. Kisha akakumbuka kwamba namfundisha akiwa na mashaka asonge mbele, akasonga. Wa kwanza akamrukia, akabaki mgongoni. Wa pili mguuni. Alikwenda yadi thelathini na nne na watu wanne juu yake, akilia bado, mpaka filimbi ikapulizwa.

Uwanja ulilipuka kwa shangwe! Walijaribu kumbeba juu kwa juu, wakahitajika watu tisa, wakamwangusha mara mbili. Mama yake alikuwa anapiga kelele kuliko honi ya trekta. Nikakimbia kwa Bi. Norma huku nikijumlisha njiani: mia moja na moja na thelathini na nne, mia moja thelathini na tano! Nikamwonyesha hotuba.

Bi. Norma akaninyooshea kitabu cha kanuni, ukurasa amekwisha ufungua. Mpira uliookotwa si wa kukimbia, una safu yake peke yake. Kukimbia kumeishia pale ulipomtoka Pruitt. Hasi mbili.

Tisini na tisa.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda kanisani, kwa kuwaogopa akina mama.

Kocha Mkuu alipiga simu. Akasema kama yule mtoto angeupoteza mpira angenizika katikati ya uwanja, na barafu yangu angeiweka juu. Akasema pia hajacheka hivyo tangu aoe, kwa hiyo sifukuzwi. Lakini ahadi ni ahadi, tisini na tisa si mia. Mwakani wasukumaji watakuwa chini ya Brecken. Na mimi.

Iliniuma. Niliketi gereji kwa muda nikiwa nimeshika filimbi yangu ya zamani. Miaka ishirini na tatu, halafu yadi moja.

Saa sita Brecken akaja na pai nyingine. Akasema mzee wangu, mimi sijui kufundisha kusukuma, bila wewe nimekwisha, tufanye kazi pamoja, ila tu tuambizane mambo. Darlene akasema umesikia, Vern? Tuambizane mambo. Akasema goti lingepigwa ningepata tisini na tisa, na nilipolizuia nikapata tisini na tisa, na kama ningesema neno moja kwa Lindquist pale pale angecheka akanipa mia yangu. Nikamwambia wanawake hawaelewi mbinu. Akaondoka na pai.

Lakini sijalala! Jana yadi thelathini na nne zimenionyesha njia. Mwakani Otis atabeba mpira! Nani atamtarajia msukumaji? Nimechora mpango wenyewe nyuma ya hotuba. Siri iko kwenye vidole: siku zote ataegemea, isipokuwa jaribio hilo moja, ambapo atakaa kwenye visigino. Stromholt watadhani tunarusha, watatawanyika, naye atapita peke yake hadi langoni. Brecken ataona mwenyewe nani anafanya kazi chini ya nani.

Nimempigia Otis simu sasa hivi. Nikamwapisha kwanza, kisha nikamweleza. Akaguna. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hawezi kusema, ameapa. Nikasema ameapa kwa nani? Akasema hawezi kusema hilo pia, ila mtu huyo anatujua wote, huoka pai, na alimpigia asubuhi kumwambia mambo hayo hayo ya visigino.

Nimemwambia ageuze.